Gemu za Magari za Enzi za TV ya Chogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nayapata kila mara: kwa simu, dukani, harusini, hata kwenye daladala mtu akiona nimebeba kaseti ya gemu. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake, kwa ajili ya wakazi wa Dar waliokua na gemu hizi na wanaotaka kuzicheza tena, au kumwonyesha mtoto kitu walichokipenda.

Unaposema gemu za magari za zamani, unamaanisha zipi?

Zile za kuunganisha mashine na TV nyumbani, tangu za kaseti mpaka PlayStation ya kwanza. Duniani historia hii ni ndefu. Atari 2600 ilitoka Marekani mwaka 1977, na tangu mwanzo ilikuwa na gemu ya mbio, Indy 500, iliyokuja na kidhibiti chake cha kuzungusha. Kumbukumbu ya mashine ile ilikuwa baiti 128, haitoshi hata kushika SMS moja iliyojaa. Pamoja na hayo, mwaka 1983 ikatoka Enduro, ambayo inakutaka uyapite magari 200 kabla siku haijaisha, kwenye theluji, ukungu na giza la usiku. Hapa kwetu waliobahatika kuiona ni wachache. Kumbukumbu za wengi zinaanzia kwenye Famicom, mashine ya Nintendo iliyotoka Japani Julai 1983, na hasa kwenye nakala zake zisizo rasmi zilizotengenezwa Taiwan, Hong Kong na China.

Inakuwaje mtu wa Dar aliyezaliwa 1988 anaililia gemu ya 1984?

Kwa sababu zilitufikia zimechelewa, halafu zikafika zote kwa mkupuo. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, ITV ikiwa miongoni mwa vya kwanza. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na huku pwani mwenye antena ndefu alijitahidi kuinasa TVZ, lakini nyumba nyingi za Dar hazikuona sababu ya kununua TV. Waliokuwa nayo waliitumia zaidi kwa deki ya video. Enzi za Mzee Ruksa bidhaa za nje zikaanza kuingia kwa wingi, vituo vikaja, TV zikanunuliwa, na mashine ya gemu ikafuata nyuma yake.

Sasa angalia tarehe. Mwaka huohuo wa 1994, mwezi Desemba, Japani ndiyo kwanza wanaizindua PlayStation. Kwa hiyo miaka michache baadaye, mitaa ya Kariakoo ilikuwa na nakala za mashine ya 1983, Sega Mega Drive ya 1988 na PlayStation, zote zinasubiri mteja. Sisi hatukupita kizazi kimoja baada ya kingine. Mtoto wa Magomeni aliweza kushinda na Road Fighter ya Famicom kutwa, jioni akaenda kwa jirani kuangalia Ridge Racer ya PlayStation, na wala asijue kwamba kati ya gemu hizo mbili kuna karibu miaka 10.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu vijana wanaosoma historia ya gemu iliyoandikwa Marekani wanadhani tulikuwa nyuma na basi. Mimi naona tulipata kitu ambacho wenzetu hawakukipata: hakuna aliyetuambia kwamba gemu fulani imepitwa na wakati. Tulizipima kwa utamu wake.

Ile ya gari jekundu unaloliona kwa juu, mafuta yanaisha njiani, inaitwaje?

Hili ndilo swali linaloongoza. Inaitwa Road Fighter, ya kampuni ya Konami. Ilianza mwaka 1984 kwenye mashine kubwa za kuchezea kwa sarafu, na toleo la Famicom likafuata 1985.

Ukiisimulia inaonekana gemu ndogo. Vitufe viwili: kimoja cha mwendo wa wastani, kingine cha kukanyaga mpaka kilomita 400 kwa saa. Breki ni kuachia kidole. Pembeni kuna tarakimu za mafuta zinazopungua muda wote, na kila ukigonga zinapungua zaidi. Gari la njano linakwenda zake moja kwa moja. Ya rangi nyingine yanakuhamia njia ukiyakaribia, na unajifunza kuyajua tabia kama dereva wa Barabara ya Morogoro anavyoijua daladala inayotaka kuchomoka kituoni. Lori ukiligusa, umekwisha. Halafu kuna lile linalometameta rangi nyingi, gari pekee unalotakiwa kuligonga, kwa sababu linakuongezea mafuta. Kazi ni kwamba linapotokea, mara nyingi uko upande mwingine wa barabara, una kilomita 400, na katikati kuna msongamano. Unaamua kwa nusu sekunde: nilifuate au nijibane na mafuta niliyonayo?

Utamu wenyewe uko kwenye kuserereka. Ukiguswa ubavuni gari halilipuki hapohapo. Linayumba, linaanza kuelekea ukingoni, na una muda mfupi sana wa kulirudisha kwa kidole gumba. Ukipania kupita kiasi unalitupa upande wa pili. Hapo ndipo mabingwa wa mtaa walipojulikana. Kila mtu aliweza kubana kitufe cha mwendo kasi, lakini kuliokoa gari ambalo watazamaji wote wameshasema "limekwenda hilo" kulihitaji mkono uliotulia. Nimecheza gemu nyingi za magari baada ya ile, zenye picha nzuri mara elfu, na bado sijaona iliyoweka wasiwasi mwingi kiasi kile ndani ya vitufe viwili.

Na yule mtu anayeruka pembeni ya barabara? Au kaseti yangu ilikuwa mbovu?

Kaseti ilikuwa nzima. Ukienda muda mrefu bila kugonga chochote, anapita mtu akiruka hewani na unapewa pointi za ziada. Mtaani tulimwita Superman. Jina lake ni Konami Man, mhusika ambaye kampuni ile ilikuwa ikimpenyeza kwenye gemu zake mbalimbali.

Ile ya Formula 1 ambayo kona zinapinda kweli?

F1 Race, ya Nintendo wenyewe, Novemba 1984. Mmoja wa walioiandikia programu ni Satoru Iwata, ambaye mwaka 2002 alikuja kuwa rais wa Nintendo. Gemu hii haikuuzwa Marekani kwa ajili ya NES, yaani Famicom ya kule, ndiyo maana historia za kule zinaitaja kwa mbali, wakati huku ukifungua kaseti yoyote ya gemu nyingi ulikuwa na nafasi kubwa ya kuikuta.

Watu huniuliza mashine dhaifu vile ilipindaje barabara. Picha ya TV ya chogo huchorwa mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini. Programu inasubiri mstari uchorwe, halafu inausogeza ule unaofuata kidogo kushoto au kulia. Barabara iliyohifadhiwa ndani ya kaseti imenyooka. Inapindishwa pale pale inapochorwa, mara nyingi kwa kila sekunde, na macho yako yanaona kona. Miaka sita baadaye Nintendo walitoa Super Famicom yenye uwezo wa kuzungusha na kukuza uwanja mzima, wakaionyesha kwa gemu ya F-Zero ya 1990. Ni kazi nzuri, lakini mimi heshima yangu kubwa naiweka kwa waliofanya bila uwezo huo.

Kwenye gemu ya pikipiki, kwa nini nikitengeneza njia yangu haihifadhiwi?

Excitebike, 1984, iliyobuniwa na Shigeru Miyamoto. Ile sehemu ya kutengeneza njia yako na matuta yako ina maneno SAVE na LOAD, na watoto wengi walikaa mbele yake wakisubiri. Kuhifadhi kulihitaji kifaa cha kurekodia kwenye kanda ya kaseti kilichouzwa Japani. Bila kifaa hicho, ukizima mashine njia imepotea. Kwa hiyo hukukosea kitufe.

Mbona karibu zote zilikuwa za mtu mmoja?

Ni kweli, na swali hili nalipenda. Road Fighter, F1 Race na Excitebike, zote ni za mchezaji mmoja. Famicom ilikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 2, na kuigawa skrini iwe na barabara mbili zinazokimbia kwa wakati mmoja ulikuwa mzigo mkubwa. Micro Machines ya 1991 ililitatua jambo hili kwa akili sana: magari yote yanabaki kwenye skrini moja, na anayemwacha mwenzake mpaka akatoka kwenye picha anachukua pointi. Super Mario Kart ya 1992, kwenye mashine yenye nguvu zaidi, ikaigawa skrini juu na chini.

Lakini sisi hatukusubiri suluhisho lao. Tulikuwa na zamu. Kila nyumba ilikuwa na sheria yake: kuna kwa mama fulani ambako ukilipuka mara moja unapisha, na kuna ambako unapisha mafuta yakiisha. Waliokaa kwenye mkeka hawakuwa watazamaji. "Lori kulia!" "Lifuate hilo la rangi!" "Achia, achia, achia!" Dada zetu walikuwa humo humo, na nyumba nilizozijua mimi aliyekuwa na mkono uliotulia mara nyingi alikuwa dada mkubwa aliyepita akitoka jikoni, akashika pedi dakika chache, akawaacha wote mdomo wazi na kurudi kwenye sufuria yake. Gemu ya mtu mmoja ilichezwa na watu wanane. Mtu akiniambia anaikumbuka Road Fighter, nikimchimba kidogo anaanza kunitajia majina ya watu.

Kaseti iliyoandikwa "9999999 in 1" ilikuwa na gemu ngapi kweli?

Chache, na orodha ndefu. Jina lilibadilishwa, au gemu ileile ikaanzishwa kwenye hatua ya tatu badala ya ya kwanza, ikahesabiwa kuwa mpya. Thamani yake ilikuwa kwamba Road Fighter, F1 Race na Excitebike ulizipata kwa kaseti moja.

PlayStation nayo inahesabika? Wengine tumeanzia hapo.

Inahesabika, na kwa Dar ina nafasi ya pekee. Ridge Racer ya Namco ilitoka pamoja na mashine yenyewe. Programu yake yote iliingia kwenye kumbukumbu mara moja, hivyo ulipokwisha kuiwasha uliweza kutoa CD ya gemu, ukaweka CD yako ya muziki, ukakimbia kwa nyimbo zako. Na ile gemu ndogo ya kupiga wadudu inayotokea wakati unasubiri ni Galaxian. Ukiwamaliza wote unafunguliwa magari mengine.

Ila gemu iliyotushika hasa ni Gran Turismo, Japani 1997, kazi ya Kazunori Yamauchi na wenzake. Wenzetu wa nchi nyingine waliingia humo kutafuta magari ya ndotoni. Sisi tuliingia tukakuta magari tunayoyaona barabarani. Toyota Chaser. Corolla Levin. Galant. Impreza. Jiji hili linaendeshwa na magari yaliyotumika Japani, usukani kulia, na ghafla kijana wa Sinza ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli anajua kwamba gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma linatupa mkia kwenye kona, na la magurudumu ya mbele linakataa kupinda. Ninawafahamu mafundi magari wanaosema hamu yao ilianzia kwenye ukurasa wa kubadilisha vipuri wa gemu ile. Nawaamini, maana ilikufanya uhesabu: ukinunua ekzosi na kubadilisha uwiano wa gia, hela ya matairi utaipata wapi?

Kwa wapenzi wa rali, Colin McRae Rally 2.0 ya mwaka 2000 ina hatua za Kenya. McRae mwenyewe alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Subaru Impreza, hivyo vumbi lile alilijua.

Picha inakuja haina rangi. Mashine imekufa?

Hapana. Mfumo wa TV wa kwetu ulikuwa PAL, wa Japani na Marekani ni NTSC. Mashine ikitoa NTSC kwenye TV inayojua PAL peke yake, unapata picha nyeusi na nyeupe. Ingia kwenye menyu ya TV, tafuta mfumo wa rangi, weka AUTO au NTSC.

Jambo linaloendana na hilo: NTSC ni picha 60 kwa sekunde, PAL ni 50. Gemu iliyoandikwa kwa 60 ikichezwa kwenye mashine ya 50 bila kurekebishwa inakwenda taratibu, karibu sehemu moja ya sita, na muziki unavutika. Ukiona video ya gemu yako ya utotoni inakimbia kuliko unavyoikumbuka, huenda masikio yako hayana kosa.

Analojia ilizimwa Dar tarehe 31 Desemba 2012. TV ya chogo bado inafaa?

Inafaa kabisa, na inaniuma kuona zilivyotupwa. Kilichozimwa ni matangazo ya vituo. Mashine ya gemu inatengeneza mawimbi yake yenyewe na kuyapitisha kwenye waya wa antena, au inatumia waya wa AV: wa njano ni picha, mweupe na mwekundu ni sauti. King'amuzi hakihusiki.

TV bapa nyingi nazo zinapokea AV, ila zinachukua muda kidogo kuichakata picha kabla ya kuionyesha. Kwa tamthilia hutaona tofauti. Kwa Road Fighter, ule muda mfupi wa kuokoa gari unaliwa na TV. Kama huna chogo, washa hali ya gemu kwenye menyu ya picha. Bastola ya kupigia bata usijisumbue nayo. Inategemea namna chogo inavyochora picha.

Kaseti haisomi. Nipulize?

Acha kupuliza. Ilionekana inasaidia kwa sababu ulikuwa unaichomoa na kuichomeka upya, na huko kuchomeka ndiko kulikosugua pini. Pumzi ina unyevu, na hapa pwani hewa yenyewe ina chumvi. Kutu inapata chakula mara mbili.

Fanya hivi. Chukua pamba ya masikioni, ichovye kwenye spiriti isiyo na mafuta wala rangi, isugue kwenye meno ya shaba ya kaseti kuanzia ndani kuja nje. Pamba itatoka na weusi kama wa masizi. Badilisha, rudia mpaka itoke safi. Kama kuna doa la kijani lisilotoka, sugua polepole kwa raba nyeupe ya penseli, kisha futa vumbi la raba kwa spiriti. Subiri ikauke kabisa. Kaseti nyingi zinazoitwa mbovu zinafufuka hapo. Ikikataa bado, mpe fundi aangalie zile pini 60 za tundu la mashine, maana zinalegea na anaweza kuzibana moja moja kwa sindano.

Nitumie adapta gani?

Ile tu inayolingana na maandishi ya mashine yako: volti, ampea, na mchoro unaoonyesha ncha ya katikati ni chanya au hasi. Nakala zilitofautiana sana katika hilo la mwisho, na plagi inaingia vizuri hata kama ni kinyume. Tumia na kilinda umeme, hasa mtaani kwako kukiwa na tabia ya kukatika na kurudi kwa kishindo.

Pedi nazo zina mtego wake. Nyingi za nakala zina plagi ya pini 9 inayofanana kwa nje na ya Sega, ila waya za ndani ni tofauti. Usizibadilishane.

Nitapata wapi hapa mjini?

Nakala mpya zipo Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Za zamani, ambazo ndizo ninazozipenda, waulize mafundi TV wa mitaani: Buguruni, Temeke, Manzese. Wengi wana mashine iliyoachwa na mteja miaka mingi iliyopita. Usilipe mpaka umeiona ikiwaka, umejaribu pande zote nne za pedi, na umeitikisa kaseti kidogo gemu ikiendelea. Ikiganda kwa mtikisiko mdogo, pini zake zimechoka. Itumie hoja hiyo kwenye bei.

Vile vidude vya HDMI vyenye gemu elfu kumi vinafaa?

Kwa kuonja, vinafaa. Pedi zake zina uvivu unaouona mara moja kwenye gemu za magari, na hifadhi yake hufa mapema. Mtu anayetaka kuisikia Road Fighter mkononi namshauri atafute mashine ya kaseti na chogo ya inchi 14.

Watoto wangu wanaziona mbaya. Nianze na ipi?

Excitebike, ukiwaachia ile sehemu ya kutengeneza njia. Mtoto akipanga matuta yake na kumwona baba akianguka juu yake, picha anaisahau. Kisha Road Fighter, kwa zamu, mkiwa watatu au zaidi. Usimwache acheze peke yake chumbani, atachoka kwa dakika tano.

Mashine imekufa kabisa. Niitupe?

Usitupe. Kama ndani kuna chipu nyingi zenye miguu, fundi anaweza kubadilisha kapasita au kidhibiti cha volti na ikarudi. Kama kuna tone jeusi la gundi katikati ya bodi, mashine nzima iko ndani ya tone hilo, na likifa halifunguliki. Hata hivyo tundu la kaseti, pedi, swichi na kava bado ni mali: kuna mwenzako Mbagala au Tegeta anahangaika kutafuta tundu tu. Ifunge kwenye mfuko mkavu, andika juu yake ni aina gani na kilichoharibika, umpelekee fundi anayezishughulikia.